Ukiulizwa Kuhusu Pombe Zahanatini: Sababu ya Swali Hilo na Namna ya Kulijibu

Umefika zahanatini kwa sababu ya kichwa kinachouma, jeraha lisilopona au kuchukua dawa za presha. Muuguzi anakupima uzito, anakufunga mkanda wa presha mkononi, anaandika joto la mwili, kisha anauliza: "Je, unakunywa pombe? Ukinywa, ni mara ngapi kwa mwezi?"

Wakaazi wengi hushtuka wanaposikia swali hilo. Mmoja hudhani amenuka. Mwingine hudhani mkewe amepiga ripoti. Mwingine hukunja uso na kujibu "kidogo tu", hata kama hicho kidogo ni chupa tano kila jioni. Wako pia wasioonja pombe kabisa, ambao huhisi wametukanwa.

Makala haya yanaeleza kwa nini mhudumu wa afya huuliza swali hilo, maswali yenyewe ni yapi, majibu yako huhesabiwaje, na kinachofuata baadaye. Tunamwomba kila mkaazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ayasome, anayekunywa na asiyekunywa.

Swali ni la kila mtu, kama kipimo cha presha

Mhudumu hapimi presha ya wale tu wanaoonekana kuugua. Hupima ya kila mtu mzima, kwa sababu presha hupanda kimyakimya na mwenyewe asijue. Unywaji wa pombe nao ni vivyo hivyo. Huwezi kumtambua kwa macho mtu ambaye pombe imeanza kumdhuru. Huenda ni mwalimu asiyekosa kazini, mama wa duka, mhudumu wa bodaboda, karani au mzee wa kanisa. Nguo zake ni safi na mikono yake haitetemeki.

Kwa hiyo kumuuliza tu yule anayenuka pombe ni kuchelewa. Huyo kila mtu kijijini amekwisha kumjua. Anayetafutwa ni yule ambaye bado anaweza kubadilisha mwendo wake kwa mazungumzo ya dakika chache, kabla ini halijaharibika, kabla kazi haijapotea, kabla ndoa haijavunjika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Uchunguzi wa awali ndio kuziba ufa.

Shirika la Afya Duniani limekuwa likihimiza uchunguzi huu katika zahanati na vituo vya afya kwa miongo kadhaa. Nchi nyingine nazo zimeukubali: nchini Marekani, jopo la wataalamu wa kinga lilipendekeza mwaka 2018 kwamba kila mtu mzima wa miaka 18 na zaidi aulizwe kuhusu unywaji wake anapohudumiwa katika kliniki za kawaida, wakiwemo wanawake wajawazito.

Jambo ambalo wakaazi wengi hawalijui ni kwamba Kenya ilishiriki kuyatunga maswali haya. Katika miaka ya 1980, Shirika la Afya Duniani lilichagua nchi 6 za kufanyia utafiti wa kutafuta maswali mafupi yanayoweza kutambua unywaji wenye madhara mapema. Nchi hizo zilikuwa Kenya, Australia, Bulgaria, Marekani, Meksiko na Norwe. Watu karibu 1,900 waliofika katika vituo vya afya vya kawaida walihojiwa. Kutokana na kazi hiyo kukapatikana orodha ya maswali 10 inayoitwa AUDIT, ambayo sasa hutumika kote duniani. Kwa hiyo muuguzi anapokuuliza, haulizi maswali yaliyoletwa kutoka ng'ambo bila kutujali. Majibu ya Wakenya yalikuwa miongoni mwa yale yaliyoyaunda.

Vifo vinavyotangazwa na vile visivyotangazwa

Tunapozungumza kuhusu madhara ya pombe nchini, wengi hukumbuka mikasa mikubwa. Mwezi Mei 2014, makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu, Kitui na Kiambu, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mwezi Februari 2024, zaidi ya watu 10 walikufa katika kijiji cha Kangai, Kaunti ya Kirinyaga, kwa kunywa pombe yenye sumu. Mikasa hiyo ni ya kweli na inauma. Lakini imewafanya wengi waamini kwamba pombe inayoua ni ile haramu tu, na kwamba anayekunywa bia ya chupa yenye stempu ya ushuru yuko salama.

Sivyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo vya watu milioni 2.6 duniani. Wengi wao hawakufa kwa sumu ya usiku mmoja. Walikufa kwa ajali za barabarani, maradhi ya ini, saratani, magonjwa ya moyo, kiharusi na kifua kikuu. Pombe, iwe halali au haramu, inahusishwa na zaidi ya maradhi na majeraha 200.

Hapa nchini, utafiti wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Mkenya 1 kati ya 8 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 hutumia pombe, yaani watu wapatao milioni 3.2. Mtu 1 kati ya 20 wa umri huo, zaidi ya watu milioni 1.3, ana uraibu wa pombe. Ukitazama foleni ya wagonjwa 40 kwenye benchi la zahanati yoyote, kuna uwezekano mkubwa kwamba baadhi yao wanahitaji kuulizwa, na hawajawahi kuulizwa.

Pombe pia huharibu matibabu ya maradhi mengine. Hii ndiyo sababu mhudumu huuliza hata kama hukuja kwa ajili ya pombe:

- Presha. Unywaji mwingi huipandisha presha. Mgonjwa anaweza kuongezewa dawa mara mbili, mara tatu, kumbe kinachoipandisha ni pombe. Anayepunguza pombe mara nyingi huona presha ikishuka.
- Kifua kikuu. Wanaokunywa kupita kiasi wana hatari ya kuugua kifua kikuu takriban mara 3 zaidi ya wengine. Wakianza matibabu, baadhi ya dawa za kifua kikuu hulemea ini, na pombe huliongezea mzigo.
- Virusi vya UKIMWI. Anayelewa husahau kumeza dawa zake, na virusi hupata nafasi ya kuzaana tena.
- Kisukari. Pombe inaweza kushusha sukari ghafla, hasa kwa anayetumia insulini au aliyekunywa bila kula.
- Ujauzito. Hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni.
- Dawa za usingizi, za kifafa na za maumivu makali. Zikichanganywa na pombe zinaweza kupunguza pumzi hadi mtu akafa usingizini.

Mhudumu asiyejua kwamba unakunywa anakutibu akiwa amefumba jicho moja.

Maswali yenyewe

Katika vituo vingi huanza na maswali 3 ya kwanza ya ile orodha ya maswali 10. Kila jibu lina alama zake, kuanzia 0 hadi 4.

*Swali la 1: Hunywa kinywaji chenye kileo mara ngapi?*
Sinywi kabisa (0). Mara moja kwa mwezi au chini ya hapo (1). Mara 2 hadi 4 kwa mwezi (2). Mara 2 hadi 3 kwa wiki (3). Mara 4 kwa wiki au zaidi (4).

*Swali la 2: Siku unayokunywa, kwa kawaida hunywa vipimo vingapi?*
1 au 2 (0). 3 au 4 (1). 5 au 6 (2). 7 hadi 9 (3). 10 au zaidi (4).

*Swali la 3: Ni mara ngapi hunywa vipimo 6 au zaidi kwa mkao mmoja?*
Haijatokea (0). Chini ya mara moja kwa mwezi (1). Kila mwezi (2). Kila wiki (3). Kila siku au karibu kila siku (4).

Alama zote zikijumlishwa haziwezi kuzidi 12. Kwa kawaida mwanamume akipata 4 au zaidi, na mwanamke akipata 3 au zaidi, mhudumu huendelea na maswali 7 yaliyobaki. Kiwango cha mwanamke ni cha chini kwa sababu mwili wake kwa kawaida una maji machache kuliko wa mwanamume, na kiasi kilekile cha pombe humwathiri zaidi.

Kufikisha alama hizo hakumaanishi kwamba wewe ni mlevi. Kunamaanisha tu kwamba inafaa muendelee kuzungumza. Maswali 7 yanayofuata huuliza kama umewahi kuanza kunywa ukashindwa kuacha, kama umeshindwa kutimiza wajibu wako kwa sababu ya pombe, kama unahitaji kuzimua asubuhi, kama unajuta, kama umesahau yaliyotokea usiku, kama wewe au mtu mwingine ameumia kwa sababu ya unywaji wako, na kama jamaa, rafiki au mhudumu wa afya amewahi kukushauri upunguze.

"Kipimo" kimoja ni kipi?

Hapa ndipo wengi hujikosea hesabu bila kukusudia. Kipimo kinachohesabiwa katika maswali haya ni gramu 10 za kileo halisi. Si chupa moja wala si glasi moja.

Chupa ya kawaida ya bia humu nchini ina mililita 500. Ikiwa nguvu yake ni asilimia 5, basi ndani yake mna gramu 20 hivi za kileo. Hiyo ni vipimo 2, si kimoja. Vinywaji vingine huhesabiwa hivi:

- Toti moja ya pombe kali (mililita 30, asilimia 40): kipimo 1 hivi.
- Chupa ndogo ya robo ya pombe kali (mililita 250, asilimia 40): vipimo 8 hivi.
- Glasi ndogo ya divai (mililita 100, asilimia 12): kipimo 1 hivi.
- Chupa nzima ya divai (mililita 750, asilimia 12): vipimo 7 hivi.

Pombe za kienyeji hazina lebo, kwa hiyo hesabu yake ni ya kukadiria. Mnazi uliogemwa asubuhi ni mtamu, lakini kadiri saa zinavyopita unachacha na makali yake kuongezeka, hivyo glasi ya jioni si sawa na ya asubuhi. Busaa na muratina hutofautiana kwa mpishi na mpishi. Chang'aa hubadilika kutoka mtungi hadi mtungi, na mhudumu huihesabu kama pombe kali.

Usijisumbue kufanya hesabu hizo mwenyewe. Mwambie mhudumu unakunywa nini na kwa chombo gani: chupa, mugi, kikombe, kibuyu, au mtungi mnaokunywa kwa zamu. Kama mnashiriki, mwambie mko wangapi na kinaisha kwa muda gani. Yeye atahesabu.

Mfano wa kufafanua

Tuchukue mwanamume ambaye haonji pombe kuanzia Jumapili hadi Ijumaa. Jumamosi jioni hukaa na marafiki na kunywa chupa 4 za bia, kisha huenda nyumbani. Kijijini hakuna anayemwita mlevi.

Akijibu kwa kuhesabu chupa, atasema hunywa mara 4 kwa mwezi (alama 2), vinywaji 4 (alama 1), na kwamba hajawahi kufikisha 6 (alama 0). Jumla ni 3. Mhudumu ataandika kwamba hakuna tatizo na kuendelea na mgonjwa mwingine.

Akieleza kwamba ni chupa 4 za mililita 500, hesabu inageuka. Chupa 4 ni vipimo 8. Mara 4 kwa mwezi ni alama 2, vipimo 8 ni alama 3, na vipimo zaidi ya 6 kila wiki ni alama 3. Jumla ni 8.

Mtu ni yuleyule, na Jumamosi ni ileile, ila alama zimepanda kutoka 3 hadi 8. Hatari yake kubwa pengine si ini. Ni ile safari ya kurudi nyumbani kwa pikipiki saa tano usiku, ugomvi ndani ya nyumba, au ngono asiyoikumbuka vizuri asubuhi. Ndiyo maana mhudumu anataka kujua kiasi kinachonywewa kwa mkao mmoja, si idadi ya siku pekee.

Baada ya alama kuhesabiwa

Maswali yote 10 yakiulizwa, alama za juu kabisa ni 40. Kinachofuata hutegemea mahali ulipoangukia.

*Alama 0 hadi 7.* Utapewa maelezo mafupi, au utaambiwa tu uendelee hivyo. Kama hunywi, swali linaishia hapo.

*Alama 8 hadi 15.* Utapewa ushauri wa dakika chache kuhusu kupunguza.

*Alama 16 hadi 19.* Utapewa ushauri na mazungumzo marefu kidogo, kisha utaombwa urudi ili muangalie maendeleo.

*Alama 20 na zaidi.* Kuna dalili kwamba mwili wako umeanza kuitegemea pombe. Utaelekezwa kwa mtaalamu akufanyie uchunguzi kamili.

Ushauri huo wa dakika chache si mahubiri. Hakuna wa kukuamuru uokoke wala kukutishia. Huweza kuwa kama hivi:

"Baba, presha yako imekuwa juu mara tatu mfululizo ingawa unameza dawa. Kwa maelezo yako, unakunywa vipimo 6 kila jioni. Mambo hayo mawili yanahusiana. Wewe mwenyewe unaonaje?"

"Daktari, hizo za jioni ndizo hunipa usingizi."

"Pombe hukulaza haraka, lakini hukuamsha saa nane za usiku na usingizi haurudi. Tukijaribu wiki hizi 4 upunguze nusu, tuone presha na usingizi, utaweza?"

Mgonjwa ndiye anayechagua lengo lake. Mwingine ataamua kuacha kabisa, mwingine kupunguza, na mwingine atasema hayuko tayari. Hata huyo wa mwisho atahudumiwa kwa kilichomleta, na ataulizwa tena siku nyingine.

Je, maneno matupu yanaweza kusaidia? Mwaka 2018 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti 69 kutoka nchi mbalimbali, zilizohusisha watu zaidi ya 33,000. Waliopewa mazungumzo mafupi ya aina hii walikuwa, baada ya mwaka mmoja, wakinywa pungufu ya wenzao kwa gramu 20 hivi kwa wiki, yaani chupa moja ya bia. Kwa mtu mmoja hilo ni jambo dogo. Kwa kaunti yenye maelfu ya wanywaji, ni ajali na vitanda vya wodi vinavyopungua. Tafiti hizo pia zilionyesha kwamba mazungumzo marefu hayakuongeza faida kubwa kuliko yale mafupi.

Kwa wenye tatizo kubwa zaidi, kuna ushahidi wa hapa nyumbani. Mjini Eldoret, watafiti waliwafunza wahudumu wasio na shahada za saikolojia kuendesha vikao 6 vya kikundi kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliokuwa wakinywa pombe kwa kiwango cha hatari. Watu 614 walishiriki. Waliohudhuria vikao hivyo walipunguza pombe zaidi ya wale waliofundishwa mambo ya afya kwa jumla. Somo lake ni kwamba msaada mzuri hauhitaji daktari bingwa katika kila kijiji. Mhudumu wa kawaida aliyefunzwa vyema anaweza kuutoa.

Onyo: usiache ghafla kama mwili umezoea

Baadhi ya wakaazi, wakisoma makala kama haya au baada ya kuombewa, huamua kumwaga pombe yote siku hiyohiyo. Nia ni njema. Lakini kwa anayekunywa sana kila siku, na hasa anayehitaji kuzimua asubuhi ili mikono itulie, kuacha ghafla bila uangalizi kunaweza kumuua.

Dalili huanza saa chache baada ya pombe kuisha mwilini: kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, wasiwasi na kukosa usingizi. Baadhi ya watu hupata kifafa ndani ya siku 2 za kwanza. Wachache, kati ya siku ya 2 na ya 4, huchanganyikiwa, hupandwa na joto, na huona wadudu au watu wasiokuwepo. Mara nyingi jamaa hudhani amerogwa au ameingiwa na pepo, wakampeleka kwingine badala ya hospitalini. Hali hiyo ni ya dharura.

Hospitalini zipo dawa za kuutuliza mwili katika siku hizo, pamoja na vitamini ya thayamini inayoukinga ubongo. Kwa hiyo kama wewe ni wa kundi hili, usiache peke yako nyumbani. Nenda kituoni, useme ukweli, na upangiwe namna ya kuacha kwa usalama. Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kulijibu swali la muuguzi kwa uaminifu. Hata aliyelazwa kwa mguu uliovunjika anaweza kupatwa na dalili hizi wodini iwapo hakuna aliyejua kwamba hunywa kila siku.

Majibu yako ni siri

Hofu ya wengi ni hii: nikisema, nani atajua? Je, chifu ataambiwa? Mwajiri? Mke au mume?

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka habari za mgonjwa ziwe siri, na zisitolewe bila idhini yake isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria, kama vile amri ya mahakama. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inaziweka habari za afya katika kundi la zile zinazolindwa kwa uzito zaidi. Kumwambia muuguzi kwamba unakunywa chang'aa si kujipeleka polisi. Yeye ni mtu wa matibabu.

Unayo haki ya kuomba uulizwe mahali pa faragha, si mbele ya foleni. Unaweza kuomba mliyefuatana naye asubiri nje. Unaweza pia kukataa kujibu, na hutanyimwa matibabu kwa kukataa. Lakini kumbuka, mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa wahudumu wetu pia tunasema: ulizeni kwa upole, kila mtu, kwa maneno yaleyale. Mgonjwa akiitwa "mlevi" siku moja, siku ya pili atadanganya, na siku ya tatu hatakuja.

Kwa wenye mgonjwa nyumbani

Wake, waume, wazazi na watoto wa wanaokunywa nao hubeba mzigo mzito. Mnaweza kusaidia hivi:

- Zungumza naye asubuhi akiwa hajalewa, si usiku anaporudi. Taja jambo moja uliloliona, kwa mfano, "Juzi ulianguka mlangoni na mtoto aliona."
- Mwombe mfuatane kituoni kwa jambo lingine linalomsumbua, kama kikohozi, tumbo au presha. Swali la pombe litaulizwa huko huko.
- Usimtilie dawa ya kuacha pombe kwenye chakula au chai kwa siri. Baadhi ya dawa hizo, zikikutana na pombe mwilini, huweza kushusha presha na kuuletea moyo matatizo. Ni za kutumiwa na mtu anayejua anachomeza, akiwa chini ya uangalizi.
- Kama kuna kupigwa au vitisho nyumbani, usalama wako na wa watoto ndio wa kwanza. Usingoje mpaka aache pombe ndipo utafute msaada.

Pa kuanzia

Mahali pa kwanza ni karibu na nyumbani. Mhamasishaji wa afya ya jamii anayekutembelea anaweza kukuelekeza. Zahanati (ngazi ya 2) na kituo cha afya (ngazi ya 3) ndipo maswali haya huulizwa na ushauri mfupi hutolewa. Anayehitaji kulazwa au kuonana na mtaalamu huelekezwa katika hospitali za ngazi ya 4 au ya 5.

Kama hujajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), piga *147# kwenye simu yako au mwombe mhamasishaji wa afya akusaidie. Huduma za msingi za zahanati na vituo vya afya vya umma hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi kwa waliojisajili.

Ukitaka kuzungumza na mshauri bila kutoka nyumbani, piga nambari ya NACADA ya bila malipo: 1192.

Ukienda kituoni safari ijayo, iwe ni kwa kikohozi au kwa chanjo ya mtoto, usingoje kuulizwa. Ukiona muuguzi amesahau, mwambie mwenyewe: "Hunywa hiki, kwa chombo hiki, mara hizi kwa wiki. Naomba unihesabie."